Fizikia Namba Moja, Takwimu Namba Mbili

Siku mliyoniaga mlinipa godoro, mablanketi mawili na hotuba. Godoro ni zuri. Mablanketi nimempa mama mkwe, maana baridi ya Ngara haijastaafu. Hotuba ilisema nimekuwa mshumaa ulioangazia wengine huku wenyewe ukiteketea. Nikajitazama nilivyonenepa, nikaona aliyeiandika hakupima.

Kabla soda hazijaisha, Mwalimu Onesmo, ambaye sasa ndiye mwenye ufunguo wa maabara na ndiye anayewasaidia kidato cha sita kuchagua kozi za chuo kikuu, aliniuliza swali. "Madam, mwanafunzi akija akasema anapenda fizikia na anapenda takwimu, na digrii ni moja tu, unamjibuje?" Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Akadhani namkwepa, na kweli nilikuwa namkwepa, kwa sababu swali hilo liliwahi kunitoa jasho. Haya, Onesmo, chukua kiti. Na ninyi wengine someni, ila msitegemee kuona vyeo na mishahara humu. Vyeo vilinipita mara nyingi, na mshahara mnaujua.

Nilianza kazi Biharamulo, katika shule ambayo sitaitaja kwa sababu mkuu wake wa wakati ule bado tunasalimiana vizuri. Siku ya kwanza alinikabidhi ufunguo wa maabara uliofungwa kwenye kipande cha ubao ili usipotee. Nilipofungua mlango nikakuta ule ubao ndio kifaa kikubwa kuliko vyote mle ndani, ukiondoa magunia kumi na matatu ya maharage. Maabara ilikuwa stoo. Mizani ya kuning'iniza ilikuwepo, lakini ilikuwa jikoni, mikononi mwa mpishi, mama mmoja wa Kisubi asiyetaka mchezo. Nilipokwenda kuidai akaniambia, "Mwalimu, ukichukua hii, watoto watakula kwa macho." Tukaafikiana: asubuhi ni ya kwake, baada ya saa nne ni yangu.

Kipindi changu cha kwanza kilikuwa tofauti ya tungamo na uzito. Nikaning'iniza debe la maharage, nikawaeleza kwamba yakipelekwa mwezini tungamo litabaki lile lile ila uzito utapungua. Msichana mmoja wa nyuma akauliza kama mwezini mtu anashiba mapema. Sijamjibu hadi leo, na nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo.

Baada ya miaka sita nikahamishiwa nyumbani, Ngara, na huko nikajifunza kwamba mwalimu wa fizikia ni nusu mwalimu na nusu mwokota vyuma. Umeme ulikuwa wa jenereta na ulikuja kwa ratiba yake. Sumaku nilizitoa kwenye redio zilizokufa. Beseni la kuonyeshea mawimbi nililitengeneza kwa kioo cha dirisha la ofisi, dirisha ambalo lilivunjika katika mazingira ambayo bado sitaki kuyaeleza. Vifaa vingine nilivifuata Benaco, pale malori yanapolala. Fundi wa pale alinipa gololi za beringi za magurudumu, nzito na laini, nami nikazifunga uzi wanafunzi wapate kitu cha kubembeza. Ninyi leo mna sanduku la vifaa kutoka wizarani. Hongereni, lakini mkipungukiwa msikae kulia, nendeni Benaco.

Aliyenilea kazini ni Mwalimu Gaudensi, Mhangaza wa Ngara hasa, mwalimu wa hisabati. Nilipofika alikuwa karibu kustaafu. Alistaafu, tukamuaga kwa godoro pia, na Jumatatu iliyofuata saa tatu kamili akaonekana tena shuleni. Nyuma ya ofisi kulikuwa na kipimo cha mvua alichokisimika mwenyewe, na kila asubuhi alikwenda kukisoma na kuandika kwenye daftari. Mvua isiponyesha aliandika sifuri kwa utulivu ule ule. Mkuu wa shule alipoona hataondoka akampa vipindi vya kidato cha tano na sita.

Tulitaniana tangu siku ya kwanza. "Ninyi watu wa fizikia," aliniambia, "mnataka kujua kwa nini mvua inanyesha. Mimi nataka kujua kama nikianika kahawa Jumanne itanyeshewa." Nikamwambia huo ni uganga. Akasema uganga ni wa kwangu, maana mimi ndiye ninayeapa kwa vitu visivyoonekana. Ndivyo tulivyokunywa chai kwa zaidi ya miaka kumi na tano.

Sasa niwaambie kitu ambacho wengi wenu hamkijui. Nilipokuwa binti niliitamani fizikia tupu, isiyochanganywa na ualimu. Nilitaka kukaa kwenye chumba chenye vifaa na kuuliza maswali hadi nichoke. Nikapangiwa ualimu. Nimeupenda, nisiwe mnafiki, lakini ile tamaa haikufa. Kila mwaka niliwatazama wasichana wachache wa kidato cha tano nikisubiri mmoja aende akasome ile fizikia yangu. Wakaenda uuguzi, wakaenda sheria, wakaenda kuolewa. Nikaendelea kusubiri.

Halafu akaja Spesioza. Alitoka Nyantakara, kule Biharamulo. Ukoo wao ulitoka Burundi zamani, wakatulia, wakalima, na baba yake alikuwa anajulikana kata nzima kwa maharage. Alikuwa msichana mwembamba, mpole wa sauti, na mbishi kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Ubishi wake ulikuwa wa adabu, na ubishi wa namna hiyo ndio mgumu kuushinda.

Ili muelewe kilichotokea, lazima nianze na dhambi yangu. Ninyi nyote mnajua kupika data, msijifanye malaika. Tunafunga gololi kwenye uzi, tunaibembeza, tunahesabu mibembeo ishirini na kusoma saa. Uzi mrefu unakwenda polepole, mfupi unaharakisha. Ukipiga hesabu zake na kuchora grafu unapata mstari ulionyooka, na mstari huo sharti uanzie kwenye sifuri, maana pasipo uzi hakuna kubembea. Mwanafunzi mvivu anauchora mstari kwanza, kisha anaweka vitone juu yake, kisha anatunga vipimo vya kulingana na vitone. Ni kama mtu kuandika maungamo ya Pasaka kabla hajatenda dhambi. Mimi sikuwaambia pikeni. Niliwaambia tu, "Mstari usipopita kwenye sifuri, rudia," na mwenye akili alielewa.

Grafu ya Spesioza ilikuwa imenyooka vizuri, ila haikupita kwenye sifuri. Ilianzia pembeni, kwenye sentimita mbili.

"Spesioza, hii ni nini?"

"Grafu, Madam."

"Naiona. Mbona haipiti kwenye sifuri?"

"Imekataa, Madam."

"Rudia."

"Nimesharudia mara nne. Kila mara inaanzia kwenye mbili. Kama nakosea, basi nakosea sawasawa."

Nikampa alama sita kati ya kumi, moja ya hizo ikiwa ya adabu. Wenzake wote nikawapa tisa na kumi.

Kesho yake nilikuwa ofisini na rundo la madaftari, Mwalimu Gaudensi akaingia kutoka kwenye kipimo chake cha mvua. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku tayari ameshachukua daftari la Spesioza.

"Huyu umemnyima alama kwa kosa gani, Adventina?"

"Mstari wake haupiti kwenye sifuri."

"Na wa wenzake?"

"Inapita yote. Arobaini na moja."

"Yote?" Akavua miwani. "Mwanangu, watu arobaini na mmoja wakiniambia jambo moja bila kupishana hata kidogo, mimi sisemi ni kweli. Nasema wamekaa kikao. Twende tukaone rula."

Tukaenda. Maabara ilikuwa na rula nane za mita, za mbao, zinang'aa kwa vanishi. Mwalimu Gaudensi akashika moja, akaielekeza dirishani, akacheka mpaka akaketi juu ya meza. Tarakimu ya kwanza kuonekana ilikuwa tatu. Moja haikuwepo, na mbili haikuwepo. Tukamwita seremala wa shule, mtu nadhifu sana, akatueleza bila wasiwasi wowote. Likizo moja alikuta mchwa wamekula ncha za rula, akaona aibu kuziacha vile. Akazikata, akazipiga msasa na vanishi, akazirudisha sandukuni. "Nilizikata zote sawa, Madam," akaniambia kwa fahari. "Hakuna iliyopunjwa."

Nikamuuliza ilikuwa likizo ipi. Alipoitaja, nikahesabu kwa vidole. Ilikuwa imepita miaka minne. Kwa miaka minne kila mwanafunzi wangu alipima uzi kwa rula isiyo na sentimita mbili, na kila grafu ilipita kwenye sifuri bila tabu. Maana yake hapakuwa na mtu aliyepima. Walioziona rula zilivyo hawakusema, kwa sababu mwanafunzi wetu akiona kifaa kimepungua anadhani ndivyo serikali ilivyokileta. Na mimi nilizishika rula zile kila wiki. Nilizifuta vumbi mwenyewe.

Niliona aibu ya kweli. Kipindi kilichofuata nikasimama mbele ya darasa, nikaeleza habari ya mchwa na seremala, kisha nikasema kwamba Spesioza peke yake ndiye aliyepima na kwamba mimi nilimwadhibu kwa kupima. Nikambadilishia alama. Spesioza akasimama na kusema asante Madam, halafu, kwa adabu zake zile, akaomba wenzake wasipunguziwe alama bali wapewe nafasi ya kurudia. Tukarudia jaribio kwa wiki nzima. Grafu arobaini na mbili zikaja zimepishana pishana kama watu wa kweli, nyingi zikianzia karibu na mbili.

Tangu siku ile tukaanza kumgombea, mimi na yule mzee. Nilisema huyu ni mwanafizikia, kwa sababu aliiamini gololi kuliko alivyomwamini mwalimu. Mwalimu Gaudensi akasema huyu ni mwanatakwimu, kwa sababu alirudia mara nne kabla hajafungua mdomo. Spesioza mwenyewe alitutosheleza wote. Saa tatu asubuhi alikuwa kwenye kipimo cha mvua na mzee, wakipiga wastani wa Novemba za miaka yote. Jioni alikuwa maabara na mimi, akiuliza kwa nini gololi nzito na nyepesi zinabembea sawa. Alipomaliza kidato cha sita alifaulu vizuri kwa kozi zote mbili. Hapo ndipo taabu ilipoanza.

Onesmo, kwa upande wa ushauri wenyewe, nilimpa kila nilichokijua, na nawe wape hivyo hivyo. Nilimwambia zote mbili zina hesabu za kutosha kumliza mtu mwaka wa kwanza, kwa hiyo asikimbie moja akidhani nyingine ni laini. Fizikia itampeleka maabara na kwenye vitu vidogo visivyoonekana. Takwimu itampeleka kwenye kompyuta na kwenye mambo ya watu, magonjwa, mazao, na kila mahali penye shaka. Nilimwambia asitazame somo alilopata alama nyingi, atazame lile analolishika kengele ikishalia. Ushauri mzuri kabisa. Tatizo ni kwamba kila niliposema fizikia macho yangu yalikuwa yanang'aa, na msichana yule alikuwa anajua kusoma vipimo.

Nikafunga safari hadi Nyantakara kuzungumza na baba yake. Nilimkuta uani anapura maharage. Akanikaribisha kwa heshima zote, nikaletewa kiti na kikombe cha chai, Spesioza akasimama mlangoni na birika.

"Mwarimu," mzee akaanza, "nieleze. Hii takwimu ndiyo ile ya sensa?"

"Ni pamoja na sensa, Baba Spesioza."

"Maana hapa alikuja binti mmoja na kishikwambi. Akahesabu watu, akahesabu mbuzi, akauliza mpaka choo ni cha namna gani. Sasa mwanangu akae chuoni miaka mitatu ajifunze kuhesabu vyoo?"

Pale, wenzangu, nilitakiwa kumrekebisha. Nilitakiwa kumweleza kwamba wapo wanaokaa na hesabu hizo wakaona ugonjwa unakoelekea kabla haujafika, na kwamba mkulima kama yeye ndiye anayehitaji mtu wa namna hiyo kuliko wote. Maneno yote nilikuwa nayo, Mwalimu Gaudensi alikuwa ameniimbia kwa miaka. Nikanywa chai.

"Na fizikia je?" akauliza.

Fizikia nikaieleza mpaka chai ikapoa. Nikasema umeme, nikasema setilaiti, nikasema mashine za hospitali zinazoona mifupa. Mzee akaitikia kwa kichwa, "Ego, ego, hiyo naielewa." Nikageuka nikakuta Spesioza ananitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama vile alivyokuwa akiitazama rula iliyokatwa.

"Madam," akasema wakati ananisindikiza barabarani, "naomba siku mbili nifikiri. Nitakupigia."

Kule kwao hapakuwa na intaneti, na simu yake ilikuwa kitochi, kwa hiyo aliniachia karatasi yenye namba yake ya mtihani na neno la siri ili nimjazie maombi kwa jina lake. Kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya kozi ya kwanza na nafasi ya kozi ya pili, na mwenye sifa kama zake alikuwa na uhakika mkubwa wa kuchukuliwa kwenye ile ya kwanza. Kwa maneno mengine, ile nafasi ya juu ndiyo ingekuwa maisha yake.

Siku ya mwisho ya kutuma maombi nilikuwa kwenye steshenari ya mama mmoja pale mjini Ngara tangu saa saba mchana. Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa saa kumi na mbili jioni, na hadi hapo mtu aliweza kurudi kubadilisha alichokwisha kukituma. Nikampigia Spesioza, hapatikani. Saa nane hapatikani, saa tisa hapatikani. Nikajaza jina, shule, namba, kila kitu, nikaacha zile nafasi mbili wazi. Saa kumi mtandao ukakatika, ukarudi, na moyo wangu nao ukafanya hivyo hivyo. Saa kumi na moja nikajiambia kwamba muda umekwisha na lazima mtu mzima aamue. Nikaweka fizikia namba moja, takwimu namba mbili. Nikatuma.

Nisiwadanganye, nilifurahi. Nilifurahi kama mtoto. Nikaagiza chapati mbili na maharage, nikala pale pale steshenari nikimwona Spesioza amevaa koti jeupe kwenye kile chumba changu chenye vifaa.

Saa kumi na moja na nusu simu ikalia.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, mwanangu. Uko wapi? Nimekutafuta mchana kutwa!"

"Niko kilimani, Madam. Mnara wa kwetu umezima tangu jana, nimetembea nikitafuta mtandao. Madam, umeshatuma?"

"Nimetuma."

"Umeweka nini namba moja?"

Ningeweza kukata simu. Huku kwetu simu hukatika yenyewe kila siku, na hakuna ambaye angenishuku. Baada ya nusu saa tu dirisha lingefungwa, na kesho yake ningempa pole.

"Fizikia," nikasema.

Nikasikia upepo wa kule kilimani, na pumzi zake za mtu aliyepanda haraka.

"Nilijua, Madam." Sauti ilikuwa ya upole ule ule. "Baba amesema niamue mwenyewe, ila nimpe sababu. Ya takwimu nimempa, nimemweleza mpaka akaelewa. Ya fizikia nimeitafuta siku zote mbili."

"Hukuipata?"

"Nimeipata, Madam. Ni wewe. Fizikia naipenda ukiwa umesimama mbele. Takwimu naipenda hata nikiwa peke yangu."

Nimefundisha zaidi ya miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kunisifu kwa namna iliyoniuma hivyo. Machozi yakanitoka pale pale, mbele ya fotokopi na watu wawili waliokuwa wanasubiri kupiga picha za pasipoti. Nikamwambia asishuke kilimani, abaki na simu sikioni. Mwenye steshenari alikuwa ameshaanza kufunika mashine zake. "Madam, nafunga," akasema. Nikamwambia aniwashie tena ile kompyuta, nikavuta kiti, nikaandika lile neno la siri, na wakati Spesioza akinisikiliza kutoka Nyantakara nikaishusha fizikia kwa mkono wangu mwenyewe.